Tisini Toa Pembe

Pembe Kali hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alipewa na wanafunzi wa sekondari aliokuwa akiwafundisha hisabati, nao walilitaja wakiwa wameziba midomo kwa vitabu. Kwenye hesabu, pembe kali ni ile isiyofika nyuzi tisini, iliyobana, yenye ncha ya kuchoma. Mwenyewe alilisikia, akalipenda. Mzazi akija kulalamika kwamba mwanawe kapewa sifuri, Pembe Kali alimkalisha mzazi kwenye dawati, akamwekea swali lile lile, akamwambia, "Haya, lifanye wewe." Baada ya muda wazazi waliacha kuja.

Nakuambia mapema ili usije ukaanza kumwonea huruma kabla ya wakati wake. Mwanamke huyu alikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe haukuwa na breki. Ukimsalimia asubuhi, anakujibu kwa kukosoa vifungo vya shati lako. Ukimwalika harusini, anakuonyesha kwamba safu za viti zimepinda. Majirani walimwamkia kwa mbali wakavuka upande wa pili wa barabara, na yeye aliwaona wanavyovuka, akafurahi.

Mtu mmoja tu hakuwa na pa kukimbilia, naye ni mdogo wake. Mama yao alifariki binti akiwa bado wa shule ya msingi, na Pembe Kali, ndiyo kwanza ameajiriwa, akabaki naye katika nyumba ile ile ya mama. Alimwogesha, akamsuka, akamfokea, akakaa naye hospitalini alipougua. Wachumba wawili watatu waliokuja walimkuta anasahihisha mitihani huku mtoto amemlalia mapajani. Walikunywa chai, wakaaga, hawakurudi. Binti akakua akawa mchoraji, na kila mtu akamwita Rangi, kwa sababu tangu utotoni vidole vyake havikutakata. Kama kuna kitu Pembe Kali alikipenda chini ya jua, basi ni huyo Rangi. Alimpenda kwa kelele, kwa masharti, na kwa kumchagulia hata viatu, lakini alimpenda.

Shuleni waliachana vibaya. Mkuu wa shule alimwomba apunguze ukali kwenye somo la trigonometria, maana nusu ya darasa walikuwa wanalia. Pembe Kali akamjibu, mbele ya kamati nzima ya wazazi, kwamba yeye mkuu mwenyewe akipewa pembetatu hatajua aishike upande gani. Muhula ulipoisha akastaafishwa. Akabeba rula yake kubwa ya mbao, akaenda nyumbani, akakaa sebuleni akiichukia dunia.

Aliyemtoa hapo ni Rangi. Siku hizo Rangi alikuwa anachora picha za gemu ndogo ndogo za simu, zile za watoto, na alikuwa anahangaika na nyuki aliyemtaka azunguke ua. Nyuki alikwenda kulia, akapanda, akaenda kushoto, akashuka, basi ni mraba mtupu. "Dada," akaita, "hivi mtu anafanyaje kitu kizunguke?" Pembe Kali akaja amekunja uso, akavuta kiti. Akamwambia chukua pembe. Kosaini ya pembe hiyo itakuambia nyuki asogee kando kiasi gani, saini yake itakuambia apande kiasi gani. Halafu iongeze pembe, kidogo kidogo, usichoke. Rangi akaandika alivyoambiwa, akabonyeza.

Nyuki akazunguka. Duara safi, hana pa kujikwaa.

Pembe Kali alimtazama nyuki yule mpaka chai yake ikapoa. Miaka yote amefundisha saini na kosaini, na hakuwahi kuziona zikifanya kazi nyingine zaidi ya kufelisha watoto wa watu.  Kwa kuwa hakujua mtu hufanya nini akifurahi hivyo, akasema, "Mwongezee mwendo, anasinzia," akaenda kuosha vyombo.

Tangu hapo akajifunza kuandika programu, kwa hasira, kama alivyojifunza mambo yote. Sebule ikawa ofisi. Rangi anachora, dada mtu anaviendesha vilivyochorwa: mipira inadunda kwenye kuta, mizinga inalenga, magari yanakata kona. Walifanya kazi hivyo, mmoja kila upande wa meza ya kulia chakula, na ukipita nje dirishani ungesikia wanagombana na kucheka. Ndiyo, kucheka. Majirani walisimama kusikiliza, hawakuamini.

Halafu Rangi akaolewa.

Mume alikuwa mpima ardhi, mrefu, mpole wa nje, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo la kuudhi. Ofisi iliyomwajiri ilikuwa imefungwa, kwa hiyo akahamia alipo mkewe. Pembe Kali alimpokea mlangoni na swali: "Na mabegi yote haya ni ya kwako?" Hakumwita shemeji hata siku moja. Alimwita Mpima. Mpima naye hakumwita shemeji, alimwita Mwalimu, kwa ile sauti ambayo mtu humwitia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Tusidanganyane, ugomvi wao haukuwa wa hesabu. Pembe Kali aliona ameporwa mtoto mchana kweupe. Mpima aliona kaoa mke mmoja kaongezewa mama mkwe ambaye hata si mama mkwe. Damu zao hazikuendana tangu dakika ile ya mabegi. Lakini watu wawili hawawezi kukaa sebule moja kutwa nzima wakichukiana bila sababu ya kutaja, na hesabu ikawapa sababu. Mpima alijua kompyuta, alizitumia kuchora ramani, kwa hiyo Rangi akamkaribisha mezani asaidie programu. Hapo ndipo moto ulipowashwa.

Kwa mpima ardhi, pembe huanzia kaskazini, yaani juu ya ramani, ikazunguka kufuata mwendo wa saa. Mashariki ni tisini. Kwa mwalimu wa hisabati, pembe huanzia kulia, yaani mashariki, ikazunguka kinyume cha saa. Tisini ni juu. Wote wawili wana haki, na dunia imekaa na hesabu hizo mbili kwa amani miaka na miaka. Watu wenye akili zao wangekaa chini, wakachagua moja, wakaendelea na kazi.

"Sifuri iko kaskazini," Mpima alisema siku ya kwanza, baada ya kukohoa. "Muulize rubani yeyote."

"Sifuri iko kulia," akajibu Pembe Kali. "Muulize yeyote aliyesoma."

"Mimi nimepima barabara na mashamba. Wewe Mwalimu umepima nini zaidi ya ubao?"

"Nimepima akili za watu. Ya kwako nimeshamaliza, haikuchukua muda."

Rangi alicheka, akidhani ni utani. Kesho yake akagundua kwamba hawasemeshani. Wakawa wanamtumia yeye. "Mwambie mumeo asogeze waya wake," Pembe Kali angesema, na mume mwenyewe yuko palepale, magoti yao yanakaribia kugusana chini ya meza. "Mwambie dada yako waya haumli," naye angejibu. Rangi akawa anageuza shingo huku na huku, na kalamu ya kuchorea mkononi. Aliposhika mimba, akawa anageuza shingo huku anatapika.

Kazi ya mwewe ilikuja wakati huo. Mama mmoja wa kampuni inayoweka gemu kwenye simu, mwanamke wa maneno machache na miwani kichwani, alitaka gemu ya kuku na vifaranga. Vifaranga wako katikati, mchezaji anamsogeza kuku kwa kidole, na mwewe wanakuja kutoka pande zote. Mwewe lazima aone kifaranga alipo, ageuke, amwendee moja kwa moja. Ikimpendeza, ataichukua hiyo na nyingine nyingi baada yake.

Siku hizo hizo Mpima akaitwa kazini, kazi yake ya zamani ya kupima, mbali sana, pamoja na nyumba ya kukaa. Alitaka kwenda. Rangi hakutaka. Akawaita wote wawili mezani, mkono juu ya tumbo, akasema kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

"Gemu hii ikipita, tunabaki hapa, mtoto anazaliwa hapa, na Dada utamlea kama ulivyonilea mimi. Isipopita, namfuata mume wangu. Sina nguvu tena ya kukaa katikati yenu. Mmesikia?"

Walisikia. Pembe Kali aliingia chumba cha ndani, kile kilichokuwa cha mama, ambacho alikuwa ameshakipaka rangi upya na kuweka kitanda cha mtoto, akakaa ukingoni mwa godoro. Akaogopa. Hakuwa mtu wa kuogopa, na hakupenda alivyojisikia. Nyumba ile bila Rangi aliiwaza mara moja tu, akasimama akaenda kufanya kazi.

Waligawana hivi. Sehemu ya Mpima ilitafuta mwelekeo: mwewe yuko hapa, kifaranga yuko pale, basi pembe ni hii. Sehemu ya Pembe Kali iliipokea pembe hiyo na kumrusha mwewe: kosaini kando, saini juu. Kila mmoja aliandika sehemu yake kwenye kompyuta yake, akimpa Rangi nakala ili amfikishie mwingine, na mambo yakaonekana yanakwenda.

Siku moja asubuhi Pembe Kali akaona mwewe aliyetoka ukingo wa kushoto, anayetakiwa kwenda kulia kwa kifaranga, ananyanyuka juu moja kwa moja kama aliyechomwa sindano. Akamwacha aruke tena. Akapaa tena. Akaelewa papo hapo. Mpima alikuwa anampa pembe za ramani: tisini yake ni mashariki, na tisini hiyo hiyo kwenye mahesabu ya Pembe Kali ni juu.

Mpima alikuwa amekaa hapo hapo, anakunywa maji. Ilihitajika sentensi moja. "Wewe, pembe zako na zangu hazianzii pamoja, nani abadilishe?" Basi. Pembe Kali akatazama koromeo la Mpima likipanda na kushuka, akanyamaza. Alicheka kwa ndani. Akaandika mstari mmoja mwanzoni mwa sehemu yake: tisini toa pembe. Ukichukua tisini ukatoa pembe ya ramani, unapata pembe ya darasani, dawa ndogo kabisa. Juu ya mstari huo akaandika maelezo, ambayo kompyuta huyaruka lakini binadamu huyasoma: "Hapa nasafisha uchafu wa Mpima." Alikwishapanga. Gemu itapita, watafurahi, halafu atamfungulia Rangi na kumwonyesha nani kaokoa jahazi na nani karibu alizamishe. Alilala vizuri siku hiyo.

Siku ya kuamkia kumwonyesha yule mama gemu, Rangi akapita kwa kila mmoja. Kwenye kompyuta ya dada yake mwewe aliruka vizuri, pande zote. Kwenye kompyuta ya mumewe mwewe aliruka vizuri, pande zote. "Sehemu yangu iko tayari," alisema huyu. "Yangu pia," alisema yule. Rangi akachukua sehemu ya kila mmoja, akaziunganisha kwenye mashine ya maonyesho, kompyuta ya tatu, ya kioo cha kugusa. Kesho yake, wakiwa kwenye viti vya kusubiri, akaijaribu mara moja. Mwewe akatokea pembeni kushoto chini, akakata mshazari hadi kwa kifaranga, sawa kabisa. Rangi akashusha pumzi, akafunga mashine.

Ofisi ya yule mama ilikuwa na feni iliyolia na kiti kimoja pungufu, kwa hiyo Mpima alisimama. Mama akashusha miwani machoni, akaweka kidole juu ya kuku.

Mwewe wa kwanza alitoka kushoto. Akapaa juu, akatoka kwenye kioo, hakuonekana tena. Wa pili alitoka chini, katikati. Badala ya kupanda, akageuka kulia na kwenda zake. Wa tatu alitokea chini kulia, vifaranga wako juu kushoto kwake, akawapa mgongo na kukimbilia kona aliyotoka.

"Huyu mwewe anawaogopa vifaranga?" mama akauliza.

  Pembe Kali aligeuka akamtazama Mpima, na Mpima alikuwa anamtazama yeye, na kila mmoja akaona usoni mwa mwenziwe kile kile alichokuwa nacho yeye: hasira ya mtu aliyehujumiwa.

"Picha nimezipenda," mama akasema, akirudisha miwani kichwani. "Mrekebisheni huyu ndege, mrudi keshokutwa. Nikimwona tena anaruka hovyo, msinipotezee muda."

Walivyofika nyumbani, hata viatu hawajavua, wakalipuka. Safari hii walisemeshana wenyewe.

"Umeibadilisha! Umegusa kazi ili uniumbue!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeharibu! Yangu ilikuwa inaruka!"

"Yangu nayo ilikuwa inaruka, mwongo mkubwa wewe!"

"Kaeni chini," akasema Rangi. Hawakukaa. Akafungua kompyuta zote mbili, akaziweka sambamba mezani, akaanza kusoma kwa sauti. Kwenye ya dada yake akasoma: "Hapa nasafisha uchafu wa Mpima. Tisini toa pembe."  Kwenye ya mumewe akasoma: "Marekebisho, kwa sababu Mwalimu hajui kaskazini. Tisini toa pembe."

 Mpima alikuwa ameona kosa lile lile, wiki ile ile, akanyamaza vile vile, akalitibu kwa dawa ile ile, na alikuwa na mpango ule ule wa kujitangaza mwisho.

"Dada," Rangi akasema, "ukitoa mara mbili inakuwaje?"

Pembe Kali alijibu kama mwalimu, hakuweza kujizuia. "Unarudi ulikotoka. Chukua ishirini. Tisini toa ishirini ni sabini. Tisini toa sabini ni ishirini."

"Na ule mshazari nilioujaribu?"

"Arobaini na tano. Hiyo haibadiliki, ukianzia juu au ukianzia kulia ni njia ile ile."

"Kwa hiyo wote wawili mmepatia."

 Walisimama pale, wasomi wawili wazima, na aibu zao mikononi.

"Sawa," Rangi akasema. "Mmoja wenu afute mstari wake. Sijali nani. Mmoja tu."

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapopandwa na mori kila nikifika. Anayefuta mstari wake, kazi yake inarudi kama alivyoiandika mwanzo, kwa hesabu yake mwenyewe anayoitetea kila siku. Ukifikiri sawasawa, kufuta ilikuwa heshima. Lakini nani alikuwa anafikiri sawasawa? Kwao, anayefuta ndiye aliyebebwa, na anayebakiza ndiye aliyebeba.

"Afute yeye," Mpima akasema, akikohoa. "Mimi ndiye niliyeanza kuona."

"Uone nini, na macho yako hayo? Afute yeye."

Wakaendelea hivyo hadi chakula kikapoa. Rangi alimvuta mumewe chumbani, wakaongea, akatoka macho mekundu. Mpima alikuwa amekataa. Kesho yake asubuhi akamfuata dada yake jikoni. Pembe Kali alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikwishatakata.

"Dada, futa wewe."

"Mwambie mumeo."

"Nimemwambia. Yeye ni mjinga, nimeolewa naye, najua. Nakuomba wewe kwa sababu ni wewe. Mstari mmoja, Dada."

"Basi si ufute mwenyewe? Mikono unayo."

"Naweza," Rangi akasema. "Najua kufuta. Mstari wenyewe siuhitaji. Nataka nijue kama kuna mmoja kati yenu anayeweza kunifanyia mimi jambo moja dogo."

Pembe Kali alisikia. Nataka ujue kwamba alisikia kila neno, na mkono ukaacha kusugua. Aliona kitanda cha mtoto. Aliona sebule tupu. Halafu akaona koromeo la Mpima, na jinsi atakavyokohoa akijua kwamba Mwalimu kasalimu amri, na ulimi ukatangulia kama kawaida yake.

"Kwa nini siku zote niwe mimi?" akasema. "Nimekufanyia kila kitu tangu una meno ya utoto. Sasa na kwa huyu pia? Sifuti."

Rangi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza bei na kuambiwa. Akatoka jikoni. Keshokutwa ilipofika hakuna aliyekwenda kokote. Rangi alimpigia yule mama simu, akamwambia gemu haiko tayari, samahani. Baada ya siku chache gari la mizigo likasimama mlangoni. Mpima alibeba mabegi yake, yale yale yaliyozua maneno, na mara hii hakukohoa. Rangi alimkumbatia dada yake kifupi, tumbo likiwa kati yao. Mashine ya maonyesho aliiacha mezani. "Sitaihitaji," alisema.

Pembe Kali hakulia. Alifagia. Alimwambia jirani aliyekuja kuchungulia kwamba sasa angalau nyumba ina hewa. Alikaa upande wake wa meza na kuutazama upande mwingine, na mtu akipita nje dirishani alisikia redio tu.

Haukupita mwezi, simu ikaita. Ni yule mama wa kampuni. Hakuzunguka. Alikuwa ana nafasi imebaki, picha za kuku bado anazikumbuka, je, yule ndege alisharekebishwa au bado?

Mashine ya maonyesho ilikuwa pale mezani. Pembe Kali aliibana simu kwa bega. Akafungua sehemu yake, akauona mstari, akaufuta na maelezo yake ya juu. Akabonyeza. Mwewe akatoka kushoto, akaenda kulia. Wa pili akatoka chini, akapanda. Wa tatu kona ya kulia, mshazari hadi kwa kifaranga.

"Amesharekebishwa," akasema. Yote hayo yalikwisha yule mama akiwa bado anasubiri jibu kwenye simu.

Gemu ikatoka. Watoto waliipenda, wakampigia kuku makelele kwenye madirisha ya watu. Pembe Kali aliletewa kazi nyingine na nyingine, akazifanya peke yake, akawatafuta wachoraji na kugombana nao mmoja baada ya mwingine. Mdogo wake hakupiga simu, na yeye hakupiga, maana alikuwa anasubiri apigiwe.

Ikaja kuita mchana mmoja, jua kali, yuko mezani.

"Dada."

"Ee." Alikuwa amesimama, hakujua amesimama saa ngapi.

"Nimeiona gemu. Jirani yangu anayo kwenye simu. Mwewe anaruka vizuri."

"Anaruka."

"Nani alifuta?"

Angeweza kusema mstari ulijifuta wenyewe. Angeweza kusema kampuni ilirekebisha. Pembe Kali alikuwa na mabaya mengi, lakini uongo hakuuweza.

"Mimi."

"Lini?"

"Yule mama alipopiga."

"Alikubembeleza?"

"Hapana. Aliuliza tu kama tayari."

 Nyuma ya Rangi kitu kikaanza kulia, sauti nyembamba, yenye hasira, isiyotaka kusubiri.

"Nani huyo analia?" Pembe Kali akauliza.

"Mwanangu." Sauti ya Rangi ilikuwa imechoka. "Kumbe uliweza, Dada."

"Rangi, ngoja, sikiliza..."

"Ana njaa, ngoja nimnyonyeshe," Rangi akasema, akakata simu, na Pembe Kali alikuwa bado hajauliza ni wa kike au wa kiume.